Umemaliza digrii ya uhasibu? Usisubiri benki na TRA tu

Kila mwaka vyuo kama IFM, TIA, CBE, Mzumbe na IAA vinatoa wahasibu wapya kibao, na ukiwauliza wanataka kwenda wapi wengi jibu ni lilelile, TRA, benki au kampuni kubwa za ukaguzi pale Dar. Sio vibaya, omba, na Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, uwe unaicheki, ila sisi wa ushauri wa ajira chuoni inatuuma kuona kijana amekaa nyumbani miaka miwili anasubiri usaili wakati kazi ipo, sema ipo sehemu ambazo hatazami.

Chukulia AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, za korosho Mtwara na Lindi. Mnada ukishapita na hela ikaingia, kuna mtu lazima apige hesabu ya mkulima mmoja mmoja, kilo alizopeleka, bei ya mnada, toa makato, kinachobaki kiende kwenye akaunti yake. Ukikosea tarakimu moja ya akaunti, mzee wa watu hapati hela yake, na atakuja ofisini na stakabadhi mkononi. Halafu COASCO, wakaguzi wa vyama vya ushirika, wakija kukagua, maswali yote ni kwako. Msimu mmoja hapo umeshika kazi kuanzia vocha za malipo mpaka hesabu za mwisho wa mwaka, ambayo kwenye ofisi kubwa ungeisubiri sana. SACCOS, vyama vya akiba na mikopo, nazo hivyohivyo.

Kuna na wafanyabiashara wa kati, wa hardware, wa spea. Hawawezi kumlipa mhasibu wa kudumu, lakini PAYE, kodi ya mishahara, isizidi tarehe 7 ya mwezi unaofuata, ritani ya VAT tarehe 20, na risiti za manunuzi zimejazana kwenye boksi. Ukiwatunzia vitabu wanne watano kwa mwezi hiyo ni kazi kamili. Angalizo tu, kukagua na kusaini hesabu bila leseni ya NBAA, bodi ya wahasibu, hairuhusiwi, na ushauri wa kodi lazima usajiliwe TRA.

CPA, ile sifa ya uhasibu ya kitaaluma, nayo usiiache, mitihani ni Mei na Novemba, na ukisoma huku unafanya kazi inaeleweka zaidi.

Na jamani fanyeni mazoezi ya Excel. Usaili mwingi siku hizi unapewa stetimenti ya benki na daftari la fedha, unaambiwa tafuta kwa nini salio hazifanani. Anza na makato ya benki, kisha hundi ambazo hazijapita.