Je, wajua kwa nini chama cha kwanza cha siasa Uganda kilizaliwa kwenye mizani ya pamba?

Pamba ni zao la ajabu kidogo. Gunia linajazwa hadi mtu anapanda juu kulishindilia kwa miguu, kisha ukilitundika kwenye mizani mshale unasogea shingo upande, kana kwamba umeleta mawingu. Nilikulia upande wa Usukuma, na ninachokumbuka zaidi ni macho ya wazee wakiukodolea mshale ule. Hakuna aliyepiga kelele. Mpimaji akitamka kilo, ameshatamka. Akisema pamba yako ni fifi, si safi, imekwisha, maana nani atalibeba gunia lile kulirudisha nyumbani?

Ng'ambo ya ziwa, Buganda, mshale huohuo ulimsukuma msomi mmoja hadi kwenye siasa za upinzani. Jina lake Ignatius Kangave Musaazi, aliyezaliwa mwaka 1905. Machi 1952 alianzisha Uganda National Congress, chama cha kwanza cha siasa nchini humo kilichotaka kuwa cha Uganda nzima. Kabla ya hapo alikuwa kiongozi wa wakulima. Ili kuelewa alivyovuka kutoka shambani hadi kwenye siasa, inabidi turudi kwenye pamba yenyewe, na kwenye kimashine kimoja kidogo cha kuzungusha kwa mkono.

Pamba ikitoka shambani huitwa pamba mbegu, kwa sababu nyuzi bado zimeng'ang'ania mbegu. Ikichambuliwa, kama theluthi ya uzito huwa nyuzi, zile zinazosafirishwa kwenda kusokotwa. Kinachobaki, karibu chote ni mbegu, nazo hukamuliwa mafuta, na mashudu yake hulishwa mifugo. Kwa hiyo anayechambua ana vitu viwili vya kuuza. Anayeuza bila kuchambua ana kimoja, tena kile ambacho thamani yake haionekani kwa macho.

Kilimo cha pamba ya biashara kilianza Uganda mwaka 1903. Mwanzoni watu walikuwa na mashine ndogo za mkono za kuchambulia. Mwaka 1908, gavana Hesketh Bell akatoa amri: mbegu ziwe za aina moja, na mashine za mkono ziondolewe, kwa hoja kwamba zinaharibu ubora. Hoja yenyewe ilikuwa na ukweli wake, kwani wanunuzi wa Uingereza walikuwa wakilalamikia pamba mchanganyiko. Lakini tazama kilichofuata. Tangu siku hiyo mkulima hakuwa na la kufanya ila kupeleka pamba mbegu kwa mwenye kinu, yaani kiwanda cha kuchambulia pamba, na wenye vinu walikuwa Wazungu, kisha kwa sehemu kubwa Wahindi. Baadaye serikali ikaigawa nchi katika kanda, pamba ya kanda moja isivuke kwenda nyingine, na wenye vinu wakaunda umoja wa kugawana mavuno badala ya kushindana. Mkulima akabaki na soko moja, mnunuzi mmoja, bei moja.

Ikaja Vita Kuu ya Pili. Serikali ikawa ndiyo inayopanga bei ya mkulima na ndiyo inayouza nje. Ilimlipa mkulima kidogo, ikauza kwa bei ya juu, na tofauti ikaiweka kwenye mfuko, ikisema ni akiba ya siku soko litakapoanguka. Mfuko ukanenepa hadi mamilioni ya pauni. Kwa maoni yangu hapa ndipo lilipofanyika kosa kubwa la watawala. Mkulima anayepunjwa na mfanyabiashara humchukia mfanyabiashara. Anayepangiwa bei na serikali, akiuliza tu "kwa nini bei ni hii?", tayari ameingia kwenye siasa, apende asipende.

Musaazi hakuwa mtu wa jembe. Alisomea theolojia Uingereza, akarudi nyumbani akafundisha. Mwaka 1938 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Wana wa Kintu, kikundi kilichotaka kumng'oa Katikiro, waziri mkuu wa Buganda, na akaonja jela. Ugomvi ule ulikuwa na mizizi katika ardhi. Mkataba wa mwaka 1900 uliwagawia machifu na wakubwa maeneo makubwa ya ardhi iliyoitwa mailo, huku wakuu wa koo, yaani Bataka, wakipoteza ardhi za mababu zao. Mkulima wa pamba wa kawaida alijikuta mpangaji kwenye ardhi ya chifu, na machifu wakaanza kudai fungu la pamba yake. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1928 ilibidi itungwe sheria ya kuweka kikomo cha kodi hizo. Kwa hiyo mkulima wa Buganda alibanwa pande mbili: kwenye ardhi na chifu, kwenye kinu na mnunuzi.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 Musaazi akaunda Uganda African Farmers Union, chama cha wakulima. Mbinu yake ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuitekeleza: tusiuze. Wanachama waliweka pamba yao kwenye maghala yao wenyewe, wakitaka ichambuliwe kwa gharama yao, kisha wauze nyuzi na mbegu wao wenyewe. Mtu anayesubiri fedha ya msimu alipie kodi na ada ya shule, kumwomba aikalie pamba yake miezi kadhaa ni kumwomba jambo zito. Wengi walikubali.

Tarehe 25 Aprili 1949 umati ukakusanyika Mengo, kwenye ikulu ya Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Mutesa II. Waliongozwa na chama cha Bataka pamoja na watu wa chama cha wakulima. Madai yao yalikuwa matano. Watu wapewe uwezo wa kuwachagua machifu wao. Idadi ya wawakilishi wa wananchi katika Lukiiko, baraza la Buganda, ikamilishwe kuwa 60. Serikali iliyopo ya Buganda ijiuzulu. Tuchambue pamba yetu wenyewe. Tuuze mazao yetu nchi za nje. Ukiyasoma harakaharaka utadhani matatu ni ya siasa na mawili ya kilimo, lakini kwa aliyesimama pale Mengo siku ile nadhani lilikuwa dai moja. Nyumba za machifu zilichomwa moto, watu waliuawa, na serikali ikavipiga marufuku vyama vyote viwili.

Baada ya hapo tunamkuta Musaazi London, akitafuta masikio ya wanasiasa wa chama cha Labour. Aliyempokea vizuri zaidi ni Fenner Brockway, mbunge aliyejulikana kwa kupinga ukoloni. Aliporudi, wakulima wakajipanga upya chini ya jina refu, Federation of Partnerships of Uganda African Farmers. Angalia jina hilo: ni muungano wa ubia, neno ushirika halimo. Sidhani ni bahati. Sheria ya ushirika ya mwaka 1946 ilimpa msajili wa serikali madaraka ya kuingilia karibu kila kitu katika vyama vya ushirika, na watu wa Musaazi hawakuwa tayari kumkabidhi funguo za ghala mtu yuleyule waliyekuwa wakibishana naye.

Wageni kadhaa walikuja kusaidia. Mmoja alikuwa kijana wa Kiingereza, John Stonehouse, aliyefanya kazi na vyama vya wakulima Uganda kati ya 1952 na 1954. Baadaye akawa waziri kwao Uingereza, na mwaka 1974 akaacha nguo zake ufukweni Miami ili adhaniwe amekufa maji. Alikamatwa Australia akiwa mzima wa afya. Hilo halihusiani na pamba, lakini kuliacha kungekuwa uchoyo.

Machi 1952 Uganda National Congress ikaanzishwa, Musaazi akiwa rais wake na Abu Mayanja, kijana wa Makerere, akiwa katibu mkuu. Mwaka huohuo Mayanja akafukuzwa chuoni kwa kuongoza mgomo wa chakula. Chama kilidai Uganda ijitawale. Mtandao wake wa kwanza ulikuwa uleule wa wakulima: watu waliokwisha kuchanga fedha pamoja, kulinda ghala pamoja, na kupoteza msimu pamoja. Matawi yakafika hadi nje ya Buganda, na kutoka tawi la Lango, kaskazini mwa Uganda, akaja baadaye Milton Obote.

Ila mwaka 1952 ulikuwa na jambo jingine. Gavana mpya, Andrew Cohen, aliyefika Januari, aliuona ugonjwa ulipo kuliko waliomtangulia. Sheria ya ushirika ikalegezwa, msajili akapunguziwa makali, na vyama vya ushirika vya Waafrika vikafunguliwa njia ya kununua vinu vya kuchambulia pamba. Karibu kila kitu ambacho watu wa 1949 walikipigania upande wa pamba, Cohen alianza kukitoa. Mkulima akifuata vinu, alijiunga na ushirika uliosajiliwa. Muungano wa Musaazi ukadhoofika ndani ya miaka michache. Kiongozi wa wakulima akabaki na chama cha siasa kisicho na maghala.

Ndiyo maana huwa sikubaliani na wanaosema Musaazi alishindwa kwa sababu hakuwa mpangaji mzuri. Mpangaji mzuri huenda hakuwa, lakini upande wa pili walimlipa kwa sarafu yake mwenyewe. Mwaka 1959 chama kikapasuka, kundi la Obote likaenda zake, na Machi 1960 likaungana na wengine kuunda Uganda People's Congress, chama kilichomfanya Obote kuwa waziri mkuu wakati wa uhuru.

Huku kwetu Mwanza ugomvi ulikuwa uleule: mizani, vinu, bei. Paul Bomani aliwaunganisha wakulima kwenye Victoria Federation of Co-operative Unions mwaka 1955. Ushirika wake uliosajiliwa ukanunua vinu, naye akaingia serikalini na TANU hadi akawa waziri wa fedha. Tofauti yao, naona, ni miaka michache tu. Musaazi alianza kudai vinu wakati serikali ikisema hapana. Bomani alifika wakati imeshaanza kusema ndiyo.

Musaazi alifariki mwaka 1990. Alizikwa Kololo, Kampala, kwenye uwanja ilipopandishwa bendera ya Uganda usiku wa kuamkia tarehe 9 Oktoba 1962.