Picha Nyeusi na Nyeupe za Nyumbani: Dhana Potofu Kuhusu Wino na Printa

Dhana iliyoenea zaidi miongoni mwetu tunaochapa picha nyumbani hapa Dodoma ni kwamba picha isiyo na rangi huhitaji wino mweusi tu, na kwa hiyo printa yoyote itafaa. Ukweli ni kwamba uzuri wa picha hiyo umo katika kijivu. Chukua lenzi ya kukuzia uangalie shavu la bibi kwenye picha iliyochapwa kwa wino mweusi peke yake: penye mwanga utaona vitone vimetawanyika, kwa sababu printa hupunguza weusi hasa kwa kuacha nafasi kati ya kitone na kitone. Printa za matangi ya kujaza wino, za rangi nne, zilizojaa kwenye steshenari zetu, zikiruhusiwa kutumia rangi huunda kijivu kwa kuchanganya samawati, majenta (nyekundu ya waridi) na njano. Vitone hupungua, lakini kijivu huelekea kijani au waridi, na chaweza kubadilika picha inapotolewa chini ya taa ya sebuleni na kupelekwa barazani.

Kinachofaa ni printa yenye wino wa kijivu. Epson P700 ina wino kumi, wa kijivu na wa kijivu hafifu ukiwemo. Epson L8180 ya matangi ina sita, mmoja wa kijivu. Idadi pekee isikushawishi, maana L8050 nayo ina sita, lakini miwili ya ziada ni samawati hafifu na majenta hafifu.

Wengine huamini kwamba weusi wote ni mmoja. Wino mweusi wa pigmenti (wenye chembe za rangi zisizoyeyuka) uliotengenezewa karatasi isiyong'aa, ukitumiwa kwenye karatasi ya glosi, yaani inayong'aa, hubaki juu na kufutika kwa kidole. Mweusi wa glosi nao huonekana hafifu kwenye karatasi isiyong'aa. Kwa picha ya kutundikwa ukutani ningechagua pigmenti, kwani kwa kawaida huhimili mwanga kuliko wino ambao rangi yake imeyeyushwa ndani ya kimiminika. Michoro ya miambani ya Kondoa imedumu kwa rangi za namna hiyo.

Kuhusu printa ya leza, haifikii ulaini wa vijivu vya printa nzuri ya wino, na utando wa karatasi ya glosi iliyotengenezewa printa za wino huweza kuyeyuka ndani yake kwa joto.

Ipo pia dhana kwamba printa isiyotumika haiharibiki. Katika kiangazi chetu kirefu, chenye upepo mkavu na vumbi, wino hukauka kwenye matundu madogo yanayoutoa. Ifunike, na kila wiki uchape ukurasa wa kukagua matundu. Usafishaji wa matundu wa mara kwa mara usio na sababu humaliza wino bure. Ukaguzi huo ufanyike pia kabla ya kuingiza karatasi ya bei ghali, kwa kuwa matundu ya majenta yakiziba, kijivu kinachotegemea rangi hugeuka kijani.