Je, wajua tovuti kumi zinawezaje kukaa kwenye anwani moja ya IP bila kugongana?

Wanafunzi mia tano wa shule ya bweni hutumia S.L.P. moja. Posta haijui nani analala bweni lipi. Inatia barua zote kwenye sanduku la shule, kisha mtu wa ofisini anasoma jina lililoandikwa juu ya namba ya sanduku na kumfikishia mwenyewe. Seva zilizo nyuma ya anwani moja ya IP huishi vivyo hivyo, na huyo mtu wa ofisini ndiye riversi proksi: programu inayopokea maombi yote kutoka intaneti, ikasoma jina la tovuti inayotakiwa, ikalikabidhi ombi kwa seva husika na kumrudishia mgeni jibu.

Kwa nini kila seva isipewe anwani yake? Anwani za IPv4, yaani toleo la nne la anwani za IP, zina biti 32, kwa hiyo haziwezi kuzidi 4,294,967,296 duniani kote. Akiba kuu ilikwisha Februari 2011, na AFRINIC, inayogawa anwani Afrika kutoka Mauritius, tangu 2020 inazitoa kwa vipimo vidogo tu. Shule au ofisi ndogo hupata moja. Na kwenye anwani hiyo moja, poti (mlango wenye namba) 443 ya HTTPS kwa kawaida hushikwa na programu moja. Ungeweza kuweka seva ya pili kwenye poti 8443, lakini watu hawakumbuki kuandika namba hiyo, na mitandao mingi ya maofisini huizuia.

Jina linasomwa wapi? DNS hugeuza majina yote kuwa anwani ileile, kwa hiyo anwani peke yake haisemi mgeni anamtaka nani. Kivinjari ndicho kinachosema, kwa mstari wa `Host` ndani ya ombi. HTTP/1.0 ya 1996 haikuulazimisha. HTTP/1.1 ya 1997 iliulazimisha, na ombi lisilo nao hujibiwa kosa la 400. HTTPS ilileta ugumu wake: bahasha imefungwa, na seva inapaswa kuonyesha cheti, uthibitisho kwamba ndiyo tovuti yenyewe, kabla haijasoma kilichomo. Mwaka 2003 ikasanifishwa SNI, ambapo kivinjari hutaja jina wazi katika salamu za mwanzo, sawa na jina lililoandikwa nje ya bahasha.

Tuchukue Nginx kama riversi proksi yetu, programu ya Igor Sysoev iliyotolewa 2004. Proksi iko 192.168.1.10, seva ya maktaba iko 192.168.1.21 poti 8080, na ya matokeo iko 192.168.1.22 poti 3000. Kwenye ruta, elekeza poti 80 na 443 kwenda 192.168.1.10 peke yake. Kwenye DNS, majina yote mawili yaelekee anwani ya umma. Kisha:

```
server {
    listen 443 ssl;
    server_name matokeo.example.com;
    ssl_certificate     /etc/letsencrypt/live/matokeo.example.com/fullchain.pem;
    ssl_certificate_key /etc/letsencrypt/live/matokeo.example.com/privkey.pem;

    location / {
        proxy_pass http://192.168.1.22:3000;
        proxy_set_header Host $host;
        proxy_set_header X-Forwarded-For $proxy_add_x_forwarded_for;
        proxy_set_header X-Forwarded-Proto $scheme;
    }
}
```

Maktaba inapata kitalu kama hiki chenye jina, cheti na anwani yake. Hakiki kwa `nginx -t`, halafu `systemctl reload nginx`. Wageni waliomo hawatakatwa. Vyeti vya siku 90 vya Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti vya HTTPS, hutolewa bure, na programu ya certbot huvihuisha yenyewe. Usifunge poti 80 ukidhani haina kazi tena, maana uhakiki wa kawaida wa cheti hupitia hapo.

Ile mistari mitatu ya `proxy_set_header` ndiyo watu huiruka, na ndiyo chanzo cha matatizo mengi. Barua inapopita mkononi mwa mtu mwingine, jina la mlengwa na la mtumaji hupotea usipoyaandika upya.

Bila mstari wa kwanza, Nginx hupeleka `Host` ya 192.168.1.22:3000. Programu ya matokeo inadhani hilo ndilo jina lake, inatengeneza viungo vyenye anwani hiyo, na mzazi aliye nyumbani kwake anabofya mahali pasipofikika.

Bila wa pili, seva inaona kila mgeni anatoka 192.168.1.10. Ukiwa na kinga inayofungia anayekosea nywila mara tano, mtu mmoja akikosea itaifungia proksi yenyewe, na wote wanabaki nje. Lakini heda hii (mstari wa maelezo unaotangulia ombi) yeyote anaweza kuighushi, kwa hiyo iambie programu iiamini pale tu inapotoka kwenye proksi.

Bila wa tatu, programu inaona ombi limekuja kwa HTTP, inamwelekeza mgeni kwenye HTTPS, proksi inalileta tena kwa HTTP, na mzunguko hauishi mpaka kivinjari kikate tamaa. Programu nyingi zina mpangilio wa kuamini proksi. Usipouwasha, mstari huu hausaidii kitu.

Kuna mtego mmoja zaidi. Ukiiweka mistari hii juu ili irithiwe na tovuti zote, kisha ukaandika `proxy_set_header` hata moja ndani ya `location`, ile ya juu yote inaachwa kimya kimya. Ndivyo inavyotokea mtu anapoongeza heda za WebSocket (mawasiliano yanayobaki wazi kati ya kivinjari na seva), `Upgrade` na `Connection`, ghafla kitu kingine kikaharibika.

Zisome namba za makosa kwa makini. 502 maana yake proksi haikupata jibu la maana kutoka seva ya nyuma. Ukiwa kwenye mashine ya proksi, jaribu `curl -H 'Host: matokeo.example.com' http://192.168.1.22:3000/`. Ikijibu vizuri na 502 bado ipo, kwenye mifumo ya Linux ya jamii ya Red Hat shuku SELinux, ulinzi unaoweza kuizuia proksi isifikie seva nyingine: `setsebool -P httpd_can_network_connect 1`. Proksi ikiwa ndani ya kontena (chumba cha programu kilichotengwa ndani ya mashine), 127.0.0.1 ni kontena lenyewe, si mashine iliyolibeba. Tumia jina la kontena unalolitaka. 504 ni seva kuchelewa kupita sekunde 60 za kawaida. 413 ni faili kuzidi megabaiti 1, kiwango ambacho `client_max_body_size` hukipandisha.

Ombi lenye jina lisilojulikana Nginx hailikatai; hulipeleka kwenye kitalu cha kwanza inachokikuta. Ndiyo maana kikoa cha mtu mwingine kilichoelekezwa kwako kinaweza kufungua maktaba yako. Weka kitalu cha `listen 443 ssl default_server;` chenye `ssl_reject_handshake on;`.

Kabla ya yote hayo, linganisha anwani ambayo ruta inaionyesha upande wa intaneti na ile ambayo tovuti za nje zinaiona. Zikitofautiana, hasa ya ruta ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma wako anagawia wateja wengi anwani moja, jambo la kawaida kwenye intaneti ya simu, na kuelekeza poti hakutafaa. Kodi seva ndogo yenye anwani ya umma, weka proksi huko, na uvute handaki la WireGuard (njia ya mtandao iliyofichwa kwa usimbaji) kutoka kwako kwenda huko, ukiweka `PersistentKeepalive = 25` ili lisifungwe na ruta zilizo njiani.

SSH, njia ya kuendesha mashine kwa mbali, haiingii katika mpango huu, kwa sababu haina `Host` wala SNI: ni barua yenye namba ya sanduku tu. Fungua SSH ya mashine moja tu kwa nje, ikiwezekana kwa ufunguo bila nywila, kisha uzifikie nyingine kwa kupitia hiyo: `ssh -J fundi@example.com fundi@192.168.1.22`.