Sinema haikuuawa na televisheni

Dhana: Televisheni ndiyo iliyoua majumba ya sinema.

Barazani hii inasemwa kama amri ya Mungu. Kinachoiangusha ni tarehe. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, na kufikia hapo majumba mengi ya Dar es Salaam yalikuwa yameshapoteza watazamaji wake. Waliotangulia kubisha hodi ni kanda za video, miaka ya 1980. Deki moja, runinga moja, kanda ya kudurufu, na mtaa ukawa na sinema yake.

Lakini tazama watu walivyoitumia hiyo deki. Hawakujifungia nayo chumbani. Walipanga mabenchi, wakaweka kiingilio, wakaita kibanda umiza. Jina linajieleza: bati juu, joto, mabega yamebanana, mtafsiri anapiga domo juu ya sauti ya picha, na stelingi akiponyoka benchi zima linasimama. Mwenye runinga yake nyumbani naye alikuwa humo.

Dhana: Watu wanafuata skrini kubwa na spika tu.

Kwa picha za vita na anga, sawa, skrini ni nusu ya utamu. Ila vichekesho havihitaji ukuta wa mita kumi, na bado ukivitazama peke yako sebuleni unatabasamu tu pale ambapo ukumbini ungelia machozi kwa kucheka. Nyumbani unasimamisha picha ukapakue ubwabwa, unajibu WhatsApp, unamalizia kesho. Ukumbini picha haikusubiri. Ukitoka kwenda msalani, utarudi umnong'oneze jirani, "Nani kafa?"

Dhana: Pesa yote ya tiketi ni ya mwenye jumba.

Sehemu kubwa, mara nyingi nusu hivi, inakwenda kwa wenye filamu na wasambazaji. Ndiyo maana bisi zinauzwa bei ile inayokuudhi.

Dhana: Corona na Netflix zimemaliza kazi.

Mwaka 2019 tiketi duniani ziliingiza takriban dola bilioni 42. Mwaka 2020 zikaporomoka hadi bilioni 12 hivi. Mwaka 2023 zilipanda hadi karibu bilioni 34. Anayesema sinema imekufa anakosea, na anayesema imepona kabisa naye anajidanganya. Julai 2023, Barbie na Oppenheimer zilipotoka siku moja, wapo waliozitazama zote mbili kwa siku hiyohiyo, wamevaa nguo za rangi ya waridi. Hakuna anayevaa nguo maalumu ili akae kwenye kochi lake.

Dhana: Zamani sinema ilikuwa ya wanaume na wahuni.

Hii ndiyo inayonikera zaidi, maana inawafuta bibi zetu. Unguja kulikuwa na zanana, maonyesho ya wanawake peke yao. Wengi hawakujua Kihindi, na haikuwazuia kumlilia Nargis, nyota wa filamu za Kihindi, wala kutoka na wimbo mzima mdomoni. Waliokosa tiketi dirishani waliinunua kwa mlanguzi nje, kwa bei ya juu. Nguo ilishonwa kwa ajili ya siku hiyo, buibui likavaliwa juu yake, na ndani ya ukumbi, wakiwa wenyewe kwa wenyewe, buibui likashushwa mabegani kabla taa hazijazimwa, ili mshono uonekane.