Lenzi juu ya ncha ya fiba

Nikimwambia mtu kwamba natengeneza lenzi, anawaza miwani. Za kwangu hukaa juu ya ncha ya uzi wa fiba, yaani uzi wa kioo unaopitisha mwanga, wenye unene wa mikromita 125, kama unywele mnene. Huwezi kusaga kioo cha ukubwa huo, kwa hiyo tunazichapa.

Tunadondosha tone la resini kwenye ncha. Ni jamii ya ile dawa ya kuzibia meno inayoganda daktari akiimulika kwa taa ya buluu. Sisi tunaimulika kwa leza ya nanomita 780 (nanomita elfu moja ni mikromita moja), ambayo fotoni yake moja, yaani chembe moja ya mwanga, haina nguvu ya kuigandisha. Molekuli lazima imeze mbili kwa mpigo, jambo alilolieleza mwanafizikia Maria Göppert-Mayer mwaka 1931, leza yenyewe haijazaliwa. Mwanga unasongamana kiasi hicho kwenye doa dogo tu ambapo miale ya leza inakutana. Pembeni resini inabaki majimaji. Ukilihamisha doa hilo huku na huku unajenga umbo ndani ya tone, hata lenzi kadhaa zilizopandana. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stuttgart walionyesha kamera ya fiba ya namna hiyo, ndogo kiasi cha kupita ndani ya sindano.

Kuchora si kazi. Kazi ni kusinyaa kwa resini inapoganda. Lenzi yenye kimo cha mikromita 60 ikisinyaa asilimia 2 tu, imepoteza nanomita 1,200, na mimi natakiwa nisikosee uso wake zaidi ya sehemu ya kumi ya urefu wa wimbi la mwanga, yaani nanomita 55 hivi kwa mwanga wa kijani. Ingesinyaa sawasawa ningeikuza tu kwenye mchoro, yakaisha. Lakini chini imeng'ang'ania kioo, juu iko huru, basi kila sehemu inavutwa kivyake. Kwa hiyo nachapa, napima uso, naona ulipozama na ulipovimba, kisha nachora upya lenzi yenye makosa ya kinyume. Ukiitazama kwenye skrini utasema fundi amelewa.

Lenzi ya kwanza kunikubali umbo niliitia kwenye dawa ya kusuuzia resini iliyobaki. Nilipoitoa, ncha ilikuwa tupu. Nilikuwa nimeigusa kwa kidole kabla ya kuchapa, na mafuta ya ngozi hayashikani na resini. Lenzi ilibaki humo kwenye bilauri, angavu ndani ya maji angavu.