Mchuzi wa Kari Unasingiziwa

Nimeulizwa tena wiki hii, na safari hii nimeona niandike kabisa. Swali ni lilelile: nifanyeje mchuzi usilowese ganda la kuku wa katsu kari, yaani mlo wa Kijapani wa nyama iliyopakwa chenga za mkate na kukaangwa (katsu), ikaliwa na wali na mchuzi wa kari? Na muulizaji huja na jibu lake tayari: mchuzi ukae kwenye bakuli pembeni, kila mtu achovye mwenyewe. Hapana. Mchuzi unasingiziwa. Kuku huyo alishalowa kabla mchuzi haujapakuliwa, na kilichomlowesha ni mvuke wake mwenyewe.

Tazama Wajapani wenyewe wanavyopakua. Katika mtindo wa mji wa Kanazawa, mchuzi mzito wa rangi ya kahawia iliyokolea humwagwa juu ya wali, katsu ikalazwa juu ya mchuzi huohuo, halafu katsu yenyewe ikamiminiwa sosi nyingine, na kabichi iliyokatwa nyembamba ikawekwa kando. Huko Ginza, Tokyo, mgahawa wa Grill Swiss hujivunia kwamba mwaka 1948 mchezaji wa besiboli Chiba Shigeru aliomba katsu yake iwekwe palepale juu ya kari. Hakuna aliyemletea bakuli la kuchovyea. Kama mchuzi ungekuwa adui wa ganda, mlo huu usingedumu hata msimu mmoja.

Basi tuanze na mvuke, maana ndiko watu wanakokosea. Nyama ni maji mengi. Unapoitoa kwenye mafuta, bado ina joto kali, na mvuke unaendelea kusukuma utoke nje. Ukimlaza kuku kwenye sahani, upande wa chini mvuke hauna pa kwenda. Unagota kwenye sahani, unageuka maji, na maji hayo yananyonywa na chenga za mkate. Ukimlaza juu ya karatasi za jikoni ni vilevile: karatasi inafyonza mafuta kweli, lakini inabaki na unyevu uliogusana na ganda. Ukipanga vipande vitatu kimoja juu ya kingine, umevipika kwa mvuke. Na ukifunika kwa foili “visipoe”, usiniulize tena habari za mchuzi.

Dawa ni wavu wa chuma ulioinuliwa, hewa ipite chini na juu. Kipande kisimame kwa ubavu ukiweza. Kikae hapo dakika tatu au nne ndipo ukikate. Geuza kipande kilicholala kwenye sahani ukiguse kwa kidole upande wa chini: kimekuwa laini na chenga zimeshikamana. Kile cha kwenye wavu bado kinakwaruza kidole pande zote mbili. Mchuzi haujaingia jikoni bado.

Kosa la pili ni kuamini rangi. Watu wanatoa kuku kwa sababu ameshakuwa wa dhahabu. Rangi inakuambia sehemu ya juu imeiva. Haikuambii kama ganda limekauka mpaka linapokutana na nyama. Kwenye mafuta ya 190°C chenga zinapata rangi upesi mno, huku tabaka la unga na yai chini yake likiwa bado bichi na lenye maji. Ukaange kwa 170°C, na usikilize. Mwanzoni mapovu ni makubwa, yanatoka kwa fujo, na sauti ni nzito: ni maji yanayogeuka mvuke. Kadiri dakika zinavyokwenda mapovu yanakuwa madogo na machache, sauti inapanda na kuwa nyembamba, na kipande chenyewe kinaelea juu zaidi. Hapo ndipo pa kutoa. Vitabu vinataja dakika nne, vingine sita. Mimi dakika hizo sizitegemei, kwa sababu kidari hiki na kile havilingani unene. Kama masikio yako hayajazoea, chomeka kipimajoto katikati ya nyama: 74°C inatosha. Na usijaze karai. Vipande viwili kwa mkupuo, la sivyo joto la mafuta linaanguka na ganda linaanza kunywa mafuta.

Upakaji wa chenga sitauchelewesha. Kidari kipasue kiwe na unene wa sentimita moja na nusu, kitie chumvi na pilipili manga, kikaushe kabisa kwa karatasi. Unga wa ngano mwembamba, ukung’ute, yai lililopigwa, kisha panko (chenga za mkate za Kijapani), uikandamize kwa kiganja bila kuiponda. Panko halisi hutokana na mkate usio na ganda, na chenga zake ni kubwa na bapa kama majani, zenye nafasi kati yake. Mvuke unapitia humo. Chenga laini za dukani zinazofanana na unga zinajipanga zikibanana na kuuziba mvuke ndani. Usipopata panko, chukua mkate mweupe uliolala, toa maganda, ukwangue kwa kikwangulio chenye matundu makubwa.

Kukaanga mara mbili kunasifiwa sana. Kwa paja nakubali. Kwa kidari kilichopasuliwa chembamba sijaona faida yake: ganda halizidi ukavu wowote wa maana, na nyama inakuwa kavu. Najua wapishi ninaowaheshimu wanaofanya hivyo kila siku, na sina hoja ya kuwashinda, ila kwangu ni kazi bure.

Sasa mchuzi. Unaweza kuharibu, ila ukiwa mwepesi tu. Mchuzi wa majimaji unatafuta kila upenyo kwenye ganda na kupenya. Mchuzi mzito unakaa pale ulipowekwa. Ndiyo maana kari ya Kijapani huzitishwa kwa ruu, yaani siagi na unga wa ngano vilivyokaangwa pamoja. Kari ilifika Japani enzi za mfalme Meiji (1868–1912) kupitia kwa Waingereza, na mapishi yaliyochapwa huko mwaka 1872 tayari yanataja unga wa ngano. Kwa hiyo anayeacha unga ili mchuzi uwe “wa asili” anapika kitu kingine, kizuri pengine, lakini hakitamfaa kuku huyu.

Siagi gramu 40, unga gramu 40, moto mdogo mpaka rangi ifike kahawia ya njugu. Epua, tia vijiko viwili vya chakula vya bizari ya mchuzi. Kando, vitunguu vilivyokaangwa polepole mpaka vikawa vya kahawia, karoti, tufaha lililokunwa, kisha supu ya kuku mililita 600. Mboga zikilainika, zima moto, koroga ruu mpaka iyeyuke yote, ndipo urudishe moto mdogo. Ukiitia supu ikiwa inatokota, unga wa nje unaiva kabla wa ndani haujaachana, na unapata madonge. Pitisha kijiko chini ya sufuria: njia ibaki wazi kidogo kabla haijafunga.

Asali itie mapema, pamoja na supu, ichemke angalau dakika 20 kabla ya ruu. Asali mbichi ina kimeng’enya kinachovunja wanga, na mchuzi uliouacha mzito jioni utaukuta maji asubuhi. Mate nayo yana kimeng’enya cha aina hiyo, kwa hiyo kijiko ulichoonjea kisirudi sufuriani.

Wakati wa kupakua, kata kuku kwa kubonyeza kisu moja kwa moja chini, bila kusugua kama msumeno, vipande vya upana wa vidole viwili, kwa kuwa mlo huu kwa kawaida huliwa kwa kijiko. Wali upande mmoja, mchuzi upande wa pili, kuku akiegemea wali na mchuzi ukipanda mpaka nusu yake. Achari ya fukujinzuke, ile ya Kijapani ya mboga mchanganyiko, pembeni. Kula mara moja.

Kuku akibaki, mtie ovenini kwa 180°C juu ya wavu, bila kumfunika, dakika nane hadi kumi. Mchuzi uliobaki usilale sufuriani. Umwage kwenye vyombo vipana na vifupi upoe haraka, kisha uingie kwenye friji. Kesho yake uchemshe hadi utokote, ukikoroga mpaka chini.