Je, wajua kwa nini mtandao wa kijamii wa Mastodon unakuuliza uchague seva kabla hujaandika hata neno moja?

Ukifungua akaunti ya Facebook, TikTok au X, unaulizwa jina, simu au barua pepe, na tarehe ya kuzaliwa. Ukienda Mastodon unakutana na swali jingine kabisa: unataka kujiunga na seva ipi, yaani kompyuta ipi itunze akaunti yako? Hapo inatokea orodha ndefu ya majina usiyoyajua, moja la wanahisabati, jingine la watu wa usalama wa kompyuta, jingine la mji fulani wa Ulaya. Wengi huishia hapo hapo, wakidhani hayo ni mambo ya mafundi. Kwangu mimi hilo ndilo swali la maana kuliko yote ambayo mtandao wa kijamii unaweza kumuuliza mtu, kwa sababu linahusu nani awe na mamlaka juu ya akaunti yako.

Mastodon si kampuni yenye mitambo yake ambamo watu wote wamewekwa pamoja. Ni programu huria, iliyotolewa mwaka 2016 na Eugen Rochko, kijana aliyekuwa akiishi Ujerumani. Mtu yeyote mwenye ujuzi anaweza kuipakua, akaiweka kwenye seva yake, akakaribisha watu. Seva za namna hiyo ziko maelfu, na huwasiliana kwa itifaki, yaani kanuni za mawasiliano ya kompyuta, iitwayo ActivityPub, ambayo W3C, shirika linalopanga viwango vya wavuti, liliiidhinisha Januari 2018. Itifaki hiyo hiyo ndiyo inayotumiwa na PeerTube kwa video, Pixelfed kwa picha na Lemmy kwa mijadala. Hata Threads ya Meta, kampuni yenye Facebook, ilianza kuitumia kwa sehemu mwaka 2024. Mkusanyiko wote huo huitwa fedivesi.

Mfano ulio karibu nasi ni laini za simu. Mwenye laini ya Vodacom humpigia mwenye Airtel bila shida yoyote, ingawa kila mmoja yuko chini ya kampuni yake, yenye masharti yake. Ndivyo aliyejiunga na mastodon.social anavyoweza kumfuata, kumjibu na kusambaza maneno ya mtu aliye mathstodon.xyz. Ndiyo maana jina la Mastodon lina sehemu mbili: jina lako, kisha jina la seva yako. Lakini mfano huu una mahali unapokomea, na hapo ndipo penye somo. Kenya tangu 2011, na Tanzania tangu 2017, mtu anaweza kuhama kampuni ya simu akabaki na namba yake ile ile. Kwenye Mastodon, ukihama seva, sehemu ya pili ya jina lako inabadilika. Nitarudi kwenye suala la kuhama.

Tuanze na msimamizi, maana yeye ndiye mwenye uzito. Ndiye anayelipia seva, anayetunga kanuni, anayefuta machapisho na kufungia watu. Akitaka, anaweza hata kusoma ujumbe wako binafsi, kwa kuwa ujumbe wa Mastodon haufungwi kwa usimbaji fiche kutoka simu hadi simu kama ule wa WhatsApp au Signal. Wasimamizi wengi ni watu waungwana wanaojitolea muda na fedha zao, na hawana haja na siri za mtu. Hata hivyo, la siri usiliandike huko.

Kwa hiyo kabla hujavutiwa na jina la seva au mada yake, mchunguze anayeiendesha. Andika anwani ya seva kwenye kivinjari, kisha uongeze /about mwishoni. Utaona jina la msimamizi, jinsi ya kuwasiliana naye, kanuni za seva na, kama ameamua kuziweka wazi, seva ambazo amekata nazo mawasiliano. Soma kanuni zile neno kwa neno. Kanuni zilizoandikwa na mtu aliyefikiri zinaonekana: zinaeleza kinachokatazwa, nani anaamua, na ukionewa ulalamike wapi. Ukikuta mstari mmoja tu unaosema watu waheshimiane, fahamu kwamba siku ya ugomvi hakuna cha kushika.

Angalia pia kama msimamizi yuko peke yake. Seva zinazoorodheshwa kwenye tovuti rasmi ya Mastodon hukubali masharti manne: kupambana na ubaguzi wa rangi, wa kijinsia na chuki za namna hiyo, kuhifadhi nakala ya data kila siku, kuwa na angalau mtu mwingine mmoja mwenye uwezo wa kuingia kwenye mitambo wakati wa dharura, na kuwapa watumiaji taarifa ya miezi 3 kabla ya kufunga. Lile la tatu ndilo ningelitazama kwanza. Mtu mmoja anaweza kuugua, kuchoka au kuishiwa.

Kuchoka kwenyewe si jambo la kufikirika. Elon Musk alipoinunua Twitter mwishoni mwa Oktoba 2022, watu walimiminika Mastodon kwa wingi ambao wasimamizi hawakuwa wameujiandalia. Seva ya hachyderm.io, ya watu wa teknolojia, ilikuwa kwenye mitambo iliyowekwa chini ya nyumba huko Marekani. Ndani ya wiki chache ilitoka watu mia kadhaa hadi kama 30,000. Diski zikalemewa. Waliokuwa wakiiendesha waliwaeleza watumiaji hadharani kilichoharibika na jinsi walivyohamishia mitambo mahali pa uhakika. Msimamizi anayesema ukweli seva inapoyumba ana thamani kuliko yule mwenye ukurasa uliopambwa. Kwa hiyo tafuta kama seva ina mahali pa kutangaza hitilafu, na kama inaeleza michango inaingia kiasi gani na inalipia nini.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalitazami: herufi za mwisho za anwani. Seva ya queer.af ilitumia .af, herufi za Afghanistan, kama .tz ilivyo ya Tanzania na .ke ya Kenya. Februari 2024 mamlaka chini ya serikali ya Taliban ziliisimamisha anwani hiyo. Mitambo ilikuwa salama kabisa, lakini jina lilikuwa limekatwa, na majina ya watumiaji wote yakakatika nalo. Miezi michache kabla yake, Julai 2023, seva ya Lemmy iliyoitwa fmhy.ml ilipoteza anwani yake nchi ya Mali ilipochukua tena usimamizi wa .ml, herufi ambazo kwa miaka zilikuwa zikigawiwa bure. Kwa hiyo, anwani inayoishia kwa herufi za nchi ambayo msimamizi hana uhusiano wowote nayo, zilizochaguliwa kwa sababu zinapendeza au ni za bure, hunipa mashaka hata kama mengine yote yako sawa.

Sasa, seva inaathirije unachokiona? Hapa pana maelezo ambayo mgeni huwa hapewi, na ndiyo yanayowafanya wengi waseme Mastodon ni kimya. Seva haina machapisho yote ya dunia. Mtu wa seva yako anapomfuata mtu wa seva nyingine, ndipo seva ile inapoanza kutuma machapisho ya mtu huyo kwenu. Ambaye hafuatwi na yeyote katika seva yenu, kwa kawaida maneno yake hayawafikii, isipokuwa mtu mnayemfuata akiyasambaza. Ukijiunga na seva ya watu thelathini wanaopenda upigaji picha wa Skandinavia, kisha ukatafuta hashtegi ya #Kiswahili, unaweza kukuta patupu. Haimaanishi kwamba hakuna anayeandika. Maandishi hayo hayajawahi kufika hapo.

Kwa wanaoandika Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu bado tumetawanyika. Ukiwa peke yako, seva kubwa ina faida: kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu fulani humo tayari anawafuata waandishi wa Kiswahili. Mastodon.social, inayoendeshwa na shirika la Mastodon lenyewe, ndiyo ambayo programu ya simu inakupendekezea tangu 2023, na kwa anayeanza si chaguo baya. Lakini mkiwa marafiki kumi wa Mombasa, Bujumbura na Muscat, bora mjiunge na seva moja ya wastani. Kila mmoja akimfuata mwandishi mpya, machapisho ya mwandishi huyo yanawafikia wote kwenye ukurasa wa pamoja.

Halafu kuna suala la lugha ya wasimamizi. Mtu akikutukana kwa Kiswahili nawe ukaripoti, nani atasoma? Tafsiri ya mashine inaweza kukamata tusi la wazi, lakini kejeli ya mafumbo na Sheng vinaipita kando. Fosstodon, seva maarufu ya watu wa programu huria, ilikuwa na kanuni ya kuandika hadharani kwa Kiingereza tu, kwa maelezo kwamba wasimamizi hawawezi kusimamia wasichoweza kukisoma. Naelewa hoja yao, na sikubali kwamba mtu wetu aanze maisha mapya ya mtandaoni kwa kuacha lugha yake mlangoni. Waulize wasimamizi kabla ya kujiunga: mnasoma lugha zipi, na chapisho la Kiswahili likiripotiwa mnafanyaje? Jibu lao, au ukimya wao, litakutosha.

Ujue pia uwezo wa wasimamizi wa kukata mawasiliano na seva nyingine. Julai 2019 Gab, mtandao wa Marekani uliojulikana kwa wafuasi wa mrengo mkali wa kulia, ulihamia kwenye programu ya Mastodon. Kwa kuwa programu ni huria, hakuna aliyeweza kuwakataza kuitumia, lakini wasimamizi wengi walizuia seva zao zisiwasiliane nayo. Ni kinga nzuri. Upande wake wa pili ni kwamba wasimamizi wawili wakikosana, wewe na rafiki yako mnaweza kutenganishwa bila kuulizwa. Seva inayotaja sababu ya kila zuio inaheshimu watu wake.

Kujiunga kwenyewe ni kwepesi. Seva nyingine ziko wazi, nyingine zinakutaka ueleze kwa sentensi chache kwa nini unaomba. Maombi hayo husomwa na mtu, mara nyingi usiku baada ya kazi zake, naye anajaribu kuwachuja matapeli. Ukiandika "nataka kujiunga" tu, huenda ukakataliwa. Sema unapenda kuandika juu ya nini na kwa lugha gani. Ukishaingia, weka Kiswahili kuwa lugha ya machapisho yako kwenye mipangilio, kwani kuna wasomaji wanaochuja kwa lugha. Jieleze kwa chapisho moja lenye hashtegi, na ufuate watu wengi siku za mwanzo: ukurasa wako wa nyumbani unajazwa na uliowafuata, kwa mpangilio wa muda.

Na ukigundua umekosea seva? Unafungua akaunti kwenye seva mpya, unaitambulisha ile ya zamani humo, kisha kwenye ile ya zamani unaagiza kuhama. Wafuasi wako wanahamishwa wenyewe. Machapisho hayahami, na ukishahama inabidi usubiri siku 30 kabla ya kuhama tena. Ila yote haya yanahitaji seva ya zamani iwe bado hai, kwa kuwa ndiyo inayowatangazia wengine kwamba umehama. Ikizimika ghafla, wafuasi hao umewapoteza. Unaowafuata wewe unaweza kuwaokoa, maana mipangilio ina sehemu ya kupakua orodha yao kama faili la CSV, yaani jedwali la maandishi. Lipakue kila baada ya muda na ulihifadhi nje ya seva. Ukilipandisha kwenye seva mpya, unaanza kuwafuata watu wale wale siku hiyo hiyo.